Niweke rehani mikorosho ili binti aende chuo kikuu?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi kijiji kimoja cha Newala, upande wa barabara iendayo Tandahimba. Mume wangu alifariki mwaka 2016. Nina watoto watatu, na huyu ninayekuandikia habari zake ndiye wa kwanza, binti. Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), amepata daraja la pili, na amechaguliwa chuo kikuu kimoja Dar es Salaam kusomea usimamizi wa biashara, miaka mitatu. Ukoo wetu haujawahi kutoa mtoto wa chuo kikuu. Siku jina lilipotoka nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa kitumbua kimeingia mchanga. Ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo imetoa majina ya awamu ya kwanza na yeye yumo. Fedha ya chakula na malazi amepata, lakini kwenye ada wamempa 520,000 tu. Zilizobaki, 780,000, ni zangu, bado usajili, bima, nauli na vyombo. Kwenye fomu ya mkopo tuliandika baba ni marehemu, ila cheti cha kifo hatuna, maana alifia nyumbani. Chuo kinafunguliwa mwishoni mwa mwezi. Ndani nina 210,000.

Mali yangu ni mikorosho 58 niliyoachiwa na mama yangu mzazi. Msimu uliopita nilipeleka chama cha msingi cha ushirika kilo 610, na baada ya makato zikanijia kama 2,500 kwa kilo. Za mwaka huu ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, na hakuna mnada hata mmoja uliopigwa. Kuna mfanyabiashara hapa kijijini, ananijua tangu nikiwa mwari, amekuja na 1,500,000 taslimu. Anataka mikorosho yote kwa misimu mitatu, avune yeye, kisha anirudishie. Tutaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ananiambia, "Mama, mimi nakusaidia tu, mtoto asome."

Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa watoto na bila yeye hapa kwetu halipiti jambo, amekataa. Hakatai rehani peke yake, anakataa na chuo chenyewe. Anasema kijana wa nyumba ya tatu alihitimu digrii miaka minne iliyopita, na leo yuko stendi ya Newala anaendesha bodaboda ya tajiri. Tena amesikia redioni kuna akili mnemba, kompyuta inaandika barua na kupiga hesabu yenyewe, kwa hiyo kazi za ofisini zimekwisha. "Utatoa mti unaozaa ununue karatasi?" Binti hali chakula. Shehe wetu naye kasema rehani ya namna hii ina harufu ya riba, na mimi sijui kama mkopo wa serikali nao una riba au hauna.

Mwalimu, niweke rehani? Au binti akae nyumbani? Na kama ni kwenda, godoro ninunue hapa au huko huko? Anataka na laptopu, anasema bila hiyo atachekwa.

Mama wa mikorosho 58, Newala

Marahaba mama, na hongera sana kwa binti. Daraja la pili la EGM haliokotwi njiani.

Usiweke rehani. Nalitanguliza hili kwa sababu mwenye 1,500,000 hatasubiri mimi nimalize maelezo, na najua noti zikiwa mezani zinavyovuta mkono.

Tupige hesabu taratibu. Kilo 610 kwa 2,500 ni shilingi 1,525,000, msimu mmoja. Ukiondoa palizi na kupulizia dawa, huyo bwana anakaribia kurudisha fedha yake yote kabla Mwaka Mpya haujazoeleka. Misimu miwili inayofuata anakula. Bei ikianguka, maana kuna misimu kilo imezunguka kwenye 2,000 hata kabla ya makato, bado anapata. Ikipanda kama mwaka 2024, minada ya mwanzo ilipovuka 4,000, anachinja mbuzi. Wewe kwa bei yoyote ile una 1,500,000 yako ile ile, na nusu yake itakuwa imeshalipwa chuoni.

Halafu kuna jambo ambalo sijui kwa nini hakuna aliyekuuliza. Chuo ni miaka mitatu. Fedha hii inavusha mwaka mmoja, ukijibana na nusu ya wa pili. Mikorosho iko kwa mtu misimu mitatu. Ada ya mwaka wa pili ikibisha hodi utampa nini? Nimefundisha Newala miaka mingi na mwisho wa habari kama hizi nimeuona: mtoto anarudi nyumbani katikati ya mwaka wa pili, digrii hana, mikorosho haipo, na deni la Bodi liko pale pale, kwa sababu mkopo unadaiwa kwa aliyehitimu na kwa aliyekatisha masomo.

Na shamba lenyewe je? Niliwahi kuingia shamba lililotoka rehani, karibu na Kitangari. Matawi ya chini yamelala ardhini, hakuna aliyepogolea. Nyasi zimefika kifuani. Korosho hungojwa idondoke yenyewe, lakini mle walikuwa wakipiga matawi kwa fimbo ili wawahi, mabua ya maua yamevunjika hovyo. Salfa ilipigwa mwaka wa kwanza tu, na ugonjwa wa ubwiri unga ukajifanyia sherehe. Mwenye shamba alirudishiwa mikorosho yake kwa idadi kamili, hakuna hata mmoja uliopungua, na msimu uliofuata akavuna robo ya alichozoea. Mwenye miti ya misimu mitatu hana sababu ya kuhangaikia msimu wa nne.

Sasa nikuambie ninavyoliona tatizo lako. Umeniandikia kama mtu asiye na fedha. Mama, fedha unayo, ila bado iko juu ya mti. Vyuo vyetu vinafunguliwa Oktoba na Novemba, wakati huo huo huku Kusini korosho ndiyo inaanza kudondoka, ikaushwe, ichambuliwe, ipelekwe ghalani, isubiri mnada, kisha usubiri malipo yaingie benki. Wiki sita, pengine nane. Kangomba wote, wale wanunuzi wa korosho nje ya mnada, wanaishi ndani ya hizo wiki, pamoja na huyo jirani yako mwema. Wanajua kalenda ya ada kuliko sisi wazazi.

Kwa hiyo unachotafuta ni namna ya kuvuka wiki nane, na hilo ni dogo kuliko 1,500,000. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, nusu kila muhula. Nusu ya 780,000 ni 390,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400, ongeza usajili na nauli, toa 210,000 uliyonayo. Pengo ni laki tatu, tuseme nne tukiwa waoga. Binti aandike leo kwa ofisi ya fedha ya chuo, si kesho, aombe kulipa kwa awamu, aseme mzazi ni mkulima wa korosho, na aambatishe stakabadhi zako za msimu uliopita. Aeleze tarehe: kiasi fulani siku ya kujisajili, kingine baada ya minada ya Desemba. Mhasibu wa chuo anapokea maombi ya "naomba mnifikirie" kila saa. Yenye tarehe na ushahidi ni machache.

Hizo laki tatu au nne, mtu wa kwanza kumwendea ni kaka yako. Najua, ndiye aliyekataa. Lakini yeye alikataa kutoa mti, na hapo mko upande mmoja. Mwambie, "Kaka, miti haiendi popote. Nikopeshe mpaka stakabadhi ya kwanza, uchukue fedha yako pale pale benki." Mjomba wa Kimakonde akiombwa hivyo na dada yake, mbele ya mpwa wake, sijui atapitia mlango gani kutoka. Na hapo hakuna riba ya kumsumbua shehe.

Nirudi kwenye sentensi uliyoipita mbio, ile ya cheti cha kifo. Hapo ndipo nilipoweka barua chini nikavua miwani. Bodi hupima uhitaji wa mwombaji kwa nyaraka. Baba marehemu bila cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwao ni kama baba yupo na anavuna. Huenda hiyo ndiyo 520,000 yako. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie barua kuwa mumeo alifia nyumbani mwaka 2016, chukua na mashahidi wa mazishi, uende ofisi ya Mkuu wa Wilaya ambako vizazi na vifo husajiliwa, uombe usajili wa kifo uliochelewa. Awamu za majina zikiisha, Bodi hufungua dirisha la rufaa, na binti ataambatisha cheti hicho. Sikuahidi kwamba ada itajaa yote. Ila kati ya safari zote ulizonazo mwezi huu, hiyo ya bomani ndiyo inayoweza kupunguza deni la miaka mitatu kwa karatasi moja. Kama kaya yenu iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, aweke na namba ya kaya.

Uliuliza kuhusu riba. Zamani mkopo wa Bodi ulikuwa na asilimia 6 ya kulinda thamani, na watu walilia nayo kweli kweli, deni linakua umelala. Mwaka 2021, siku ya Mei Mosi, Rais Samia alitangaza kuiondoa. Sasa asilimia hiyo haiko tena. Baada ya kuhitimu anapewa miezi 24 ya kutafuta kazi, na akiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Asilimia 15 inauma, usimfiche binti. Hukumu ya dini namwachia shehe, ila mpeleke hesabu zote mbili azilinganishe, ya Bodi na ya jirani.

Mimi mwenyewe nilikwenda Dar mwaka 1985 na sanduku la bati na waranti ya serikali kwenye mfuko wa shati. Basi lilikwama Rufiji siku mbili, kwani Daraja la Mkapa lilikuja mwaka 2003, na jasho likafuta mhuri wa ile karatasi nikawa namwomba kondakta aamini kwamba ulikuwepo. Sikulipa ada, sikulipa chakula. Tulikuwa wachache. Chuo Kikuu kilipoanza pale mtaa wa Lumumba, Dar, mwaka 1961 darasa zima la sheria halikufika watu 20. Nchi ingeweza kutubeba mgongoni. Vijana wakaongezeka, miaka ya 1990 ikaja lugha ya kuchangia gharama, na Julai 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Wazee wenzangu wanaosema "sisi tulisoma bure, hawa wa leo wana nini?" huwa nawaomba wakae kimya kidogo, maana kile kisomo cha bure kililipiwa na wakulima wa korosho, pamba na katani ambao watoto wao wengi hawakukanyaga huko.

Na msidhani ni Newala tu. Uingereza ilianza kutoza ada ya pauni 1,000 kwa mwaka mnamo 1998, na mwaka 2012 kiwango cha juu kikafika 9,000. Ujerumani waliijaribu ada kwenye baadhi ya majimbo, na kufikia 2014 walikuwa wameifuta. Kenya mwaka 2023 wamebadili mfumo mzima wa kugharimia wanafunzi na kelele zikafika mahakamani. Kila nchi inajiuliza swali la mjomba: nani alipe, na karatasi ina thamani gani?

Mjomba hajakosea yote. Yule kijana wa bodaboda yupo, simkatai, nami ninao wanafunzi wangu wawili katika kazi hiyo hiyo hapa Mtwara mjini. Digrii iliwahi kuwa tiketi ya kiti ofisini. Leo mnapanda wengi na viti havijaongezeka. Akili mnemba nayo ni kweli. Barua, muhtasari wa kikao, jedwali la hesabu, kazi zile anazopewa mgeni wa ofisi mwaka wake wa kwanza, mashine inazifanya upesi. Mtu aliyekwenda chuo kujifunza hayo tu, ana shida.

Ila mjomba akumbuke pia gesi. Ile miaka ya 2012 na 2013, Mtwara ilipokuwa inachemka kwa ajili ya bomba, kila mzazi alitaka mwanawe asomee mafuta na gesi. Bomba lilikamilika 2015, gesi inakwenda Dar, na kiwanda kikubwa cha kusindika kule Likong'o, Lindi, kimekuwa habari ya mazungumzo miaka nenda rudi. Vijana waliosomea kitu kimoja kwa kufuata uvumi walipata tabu. Waliosoma uhandisi wa kawaida, uhasibu, sheria, walitafuta pengine. Kwa hiyo sitamwambia binti asomee nini kwa kukisia dunia ya mwaka 2035. Usimamizi wa biashara ni kozi ya watu wengi, hilo liko wazi, na hataajiriwa kwa jina la kozi.

Lakini mtoto huyu ana kitu ambacho wenzake darasani hawana. Anaijua korosho tangu ikiwa ua. Korosho yetu nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, faida ya kubangua inabaki huko. Likizo ndefu yake inaangukia kabla ya msimu. Arudi. Akae kwenye chama cha msingi aone mzani, aone makato yanavyokatwa na nani, afuatilie minada inavyopigwa kwa mtandao siku hizi. Mafunzo ya vitendo aombe chama kikuu, bandari ya Mtwara, au Naliendele kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Akifika mwaka wa tatu anaweza kueleza bei ya kilo moja kutoka mti wako mpaka melini, hakuna mashine iliyokaa ghalani Newala ikaona hayo. Aifundishe na hiyo akili mnemba kumfanyia hesabu, kuliko kuiogopa.

Itakuwaje chuo kikikataa awamu na mjomba akishikilia? Hapo bado simshauri akae nyumbani akilia, wala sikushauri uweke rehani. Aandike kuomba kuahirisha mwaka ili nafasi isipotee, nanyi muuze msimu huu kwa utulivu, mkusanye. Au atazame karibu: Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapa Mtwara, Stella Maris ipo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo ambako mtu anasoma huku akivuna. Alale kwa shangazi, ale ugali wa nyumbani. Watu wa mjini wanavidharau vyuo vya mikoani, na wengi wao kodi ya chumba Dar inawatoa jasho kuliko ada.

Jirani yako mjibu kwa adabu, mnaishi kijiji kimoja. Mwambie kaka yako amekataa, basi. Mjomba akikataa, Newala nzima inaelewa.

Laptopu isubiri. Maabara ya kompyuta ipo chuoni, simu yake itatosha muhula wa kwanza, na fedha ya vitabu na viandikwa ikija atanunua iliyotumika, aende na mtu anayejua. Fedha ya chakula, bumu wanaloliita, ni 10,000 kwa siku, lakini haimngoji getini. Lazima ajisajili kwanza, asaini, kisha asubiri. Wiki mbili tatu za mwanzo ndizo wanafunzi wa Kusini huniandikia ujumbe usiku. Mfungie unga, choroko, na kilo mbili za korosho mlizobangua wenyewe. Atakula moja na nyingine atawauzia wenzake wa chumba. Godoro anunue huko huko. Kulipakia juu ya basi kutoka Newala mpaka Dar watamtoza kama abiria.